Gari la Loresho na Waya Uliopakwa Mafuta

Mmeniomba niandike juu ya sensa ya hewa, kwa sababu mnasema ndiyo inayowasumbua kuliko kitu kingine chochote pale gerejini, na kwa sababu mimi sasa sina ovaroli ya kufua wala pa kukimbilia asubuhi. Nitaandika. Lakini siwezi kuieleza sensa hiyo bila kueleza gari moja la mtaa wa Loresho. Hadi siku niliyoacha kazi, kila nilipoishika mkononi mwili ulinisisimka, na sababu ni gari hilo.

Nilianza kazi wakati injini zote zilikuwa na kabureta. Nilitoka Bungoma na cheti cha ufundi, na siku ya kwanza pale gerejini karibu na Dagoretti Corner, foremani wetu, Owuor, alinitazama juu mpaka chini akauliza kama nimemletea mtu chakula. Nikamwambia nimekuja kazi. Akanipa kabureta iliyoganda uchafu na mkebe wa petroli, akaenda zake. Nadhani alitarajia nitakuwa nimeondoka kabla ya adhuhuri. Nilipomrudishia, aliifungua tena yote, akapuliza kila tundu, akaifunga, halafu akasema, "Kesho uvae suruali." Hayo ndiyo yalikuwa mahojiano yangu ya kazi.

Owuor hakupenda maneno mengi, lakini alikuwa na kanuni moja aliyoirudia hadi ikanikera: usibadilishe kitu kabla hujajua kimekufa kwa nini. Ukibadilisha plagi, mwenye gari anafurahi leo. Ukijua plagi iliungua kwa nini, anafurahi mwaka mzima. Alikuwa akiweka ncha ya bisibisi juu ya injini na mpini sikioni, anafumba macho, kisha anakuambia silinda gani inalia. Nami nikajifunza hivyo hivyo. Wateja walipouliza, "Fundi ako wapi?" nilikuwa nawajibu nikiwa chini ya gari, nao wakashangaa kusikia sauti ya mwanamke ikitoka mvunguni.

Kisha ikaingia miaka ya elfu mbili, na magari yaliyotumika Japani yakajaa Ngong Road. Siku ya kwanza niliyofungua boneti nikakosa kabureta, nilizunguka gari lile lote. Petroli sasa ilipimwa na kompyuta, na ili kompyuta ijue itoe petroli kiasi gani, lazima kwanza iambiwe hewa kiasi gani inaingia. Anayeiambia ni sensa ya hewa. Inakaa kwenye bomba baada ya filta, na ndani yake kuna waya mwembamba kuliko uzi wa kushonea, unaopashwa moto na umeme. Hewa ikipita, waya unapoa, na kwa jinsi unavyopoa ndivyo kompyuta inavyojua. Waya huo ukichafuka, kompyuta inadanganywa. Gari linatetemeka likiwa limesimama, linakosa nguvu mlimani, na ukiachilia akseleta linazima tu, kama mtu aliyesinzia katikati ya sentensi.

Namna ya kuipima mnaijua, lakini nitairudia. Kwanza tazama bomba kama lina ufa, maana hewa inayoingilia kwenye ufa haipimwi na mtu, na utailaumu sensa bure. Kisha chomoa plagi ya sensa injini ikiwaka. Gari likitulia badala ya kuzidi kuhangaika, umempata mwongo wako. Ifungue, ipulizie dawa yake ya kusafishia ukiwa mbali kidogo, iache ikauke yenyewe. Usitumie petroli, usitumie mswaki, na usiuguse waya kwa kidole. Na ukishamaliza, tafuta uchafu ulitoka wapi. Mara nyingi ni filta iliyochanika, au ile ya bei ya chini isiyoziba vizuri pembeni. Filta nzuri ndiyo kinga. Nyingine sijui.

Hivyo ndivyo nilivyomweleza Mzee Gathogo na mkewe siku ya kwanza walipoleta gari lao.

Mzee Gathogo alikuwa mpima ardhi aliyestaafu, mrefu, wa kofia na koti hata jua likiwaka. Mkewe alikuwa amefundisha sayansi kimu maisha yake yote, na kila mtu, pamoja na mumewe, alimwita Mwalimu. Walikuwa wakikaa Loresho, na wajukuu wao wawili waliishi nao. Mzee ndiye aliyewapeleka shule kila asubuhi, jambo alilolitaja kabla hata ya kutaja ubovu wa gari.

"Fundi, hii gari inazima, na mimi niko na watoto wa kupeleka shule," alisema.

Kosa lilikuwa rahisi. Filta ilikuwa imetoboka na vumbi limeingia. Niliwaita wote wawili, nikawaonyesha waya. Mzee aliinama, akageuza kichwa huku na huku kama kuku anayetazama punje, akasema ameuona. Mwalimu akauliza maswali mengi mazuri. Unafunguliwaje? Je, ukipata mafuta kidogo tu? Nikamwambia hata mafuta ya mkono yanatosha kuuharibu, Mwalimu, huu usiuguse kamwe. Akaitikia kwa kichwa. Nilifurahi. Si kila siku mteja anakusikiliza namna hiyo.

Gari likarudi kabla hata filta mpya haijapata rangi ya vumbi. Dalili zilezile. Nikaisafisha sensa, likaondoka. Likarudi tena. Mzee alianza kupandisha sauti pale uani, wateja wengine wakigeuka kututazama.

"Fundi, wewe unajua kazi au unajaribu jaribu?"

"Mzee, niachie gari nilitazame vizuri."

"Umelitazama vizuri mara ngapi sasa?"

Mwalimu alikuwa kando yake, ameshika mkoba kwa mikono miwili, anatazama chini. Nilidhani anaona aibu kwa ajili ya mumewe.

Tulibadilisha sensa nzima, tukafunga mpya. Owuor alininung'unikia kwa kuwa nilikuwa nimevunja kanuni yake: nilibadilisha kabla ya kujua. Na ile mpya nayo ikafa. Basi, safari hiyo nikabeba sensa hadi mlangoni penye mwanga, nikavaa miwani ya kusomea, nikatulia.

Wavu wa mbele wa sensa ulikuwa safi. Filta ilikuwa safi. Bomba, ukipitisha kitambaa, lilikuwa safi. Waya peke yake ndio uliokuwa umevikwa kitu, upande mmoja tu, kitu cheusi kilichoungua juu na cheupe chini. Nikakinusa. Nilikijua kabla akili haijakubali. Yalikuwa mafuta ya kujipaka, yale tunayowapaka watoto miguuni asubuhi. Nikageuza sensa nikatazama skrubu zake. Vichwa vyake vilikuwa vimekwanguliwa kingo. Bisibisi haikwangui hivyo. Kisu cha mezani ndicho hukwangua hivyo.

Miaka yote ile nilikuwa nimepigana na vumbi, maji, kutu, panya wa mtaa wa Karen waliotafuna nyaya, na mafundi wenzangu wa mjini. Sikuwahi kuona mtu akilitia gari ugonjwa kwa makusudi, tena kwa mkono mwepesi na kwa kujua pa kugusa.

Nikamwita Owuor. Naye alinusa, akafuta kidole kwenye ovaroli kama aliyegusa sumu.

"Huyu mzee ana adui nyumbani kwake," akasema.

"Nimwambie?"

"Umwambie nini? Kwamba kuna mtu? Nani? Kwanza ujue."

Niliisafisha sensa. Mzee alipokuja kuchukua gari nilimwomba aniendeshe hadi kwake, nikamwambia nataka kuona gari linavyofanya mikononi mwa mwenyewe. Hilo lilikuwa kweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba nilitaka kuona wanaoishi pale: mtunza bustani, mlinzi, mpangaji, yeyote mwenye kinyongo.

Alikubali upesi, tena kwa fahari. Tukashika Naivasha Road kuelekea Kawangware. Injini ilikuwa inavuta vizuri, nami nilikuwa nimeinamisha kichwa kuisikiliza, sitazami barabara sana. Jambo la kwanza nililoona ni kwamba alipita karibu mno na gari lililoegeshwa upande wangu. Kioo chetu cha pembeni kiligonga chake na kukunjika. Yeye hakushtuka hata kidogo. Aliendelea kunisimulia alivyopima mashamba ya Kiambu.

Nikainua macho. Mbele, upande wa kushoto, wasichana wawili wa shule wenye sweta za kijani walikuwa wameshuka kwenye ukingo wa barabara. Walishikana mikono. Mkubwa alitazama gari letu, akaona dereva ametazama mbele kabisa, akadhani tumewaona. Akamvuta mdogo wake waingie.

Mzee hakupunguza mwendo. Alikuwa anasema kitu kuhusu mto na mipaka.

"Mzee!"

Hakukanyaga breki. Nilishika breki ya mkono nikaivuta kwa nguvu zangu zote. Gari liliteleza, likaenda upande, likazima. Kulikuwa na ukelele. Mama muuza mboga alisimama na sufuria yake mkononi. Wale wasichana walikuwa mbele ya boneti, karibu kiasi kwamba mdogo alikuwa ameweka kiganja chake juu yake, kama mtu anayesukuma mlango. Kisha wakakimbia.

Mzee Gathogo alinigeukia akiwa amekunja uso.

"Nini hiyo umefanya? Unataka kuvunja gia yangu?"

Nilimtazama usoni nikitafuta uongo, nikitafuta hofu. Hapakuwa na kitu. Hakuwa amewaona. Watoto wawili mbele ya gari lake, mchana kweupe, na yeye hakuwa amewaona.

"Kuna mtu alipita," nilisema hatimaye. "Shuka, Mzee. Acha mimi niendeshe. Nataka kusikia injini nikiwa hapo."

Niliendesha mimi hadi Loresho.

Mwalimu alikuwa jikoni. Aliponiona dirishani nimeshuka upande wa dereva, alijua. Alimwambia Mzee apumzike sebuleni aletewe chai, akafunga mlango wa jikoni nyuma yetu.

"Amegonga mtu?"

"Hapana. Karibu."

Akakaa kwenye kiti, akafunika uso kwa aproni. "Ni mimi, mama fundi," akasema. "Ni mimi napaka."

Sikuelewa mara moja. Nilikuwa nimekuja na orodha yote ya maadui kichwani, na adui alikuwa mama huyu wa aproni ya maua, mwenye chupa ya mafuta ya watoto kwenye rafu nyuma yake. Alinieleza kwa sauti ya chini. Daktari wa macho kule Upper Hill alikuwa amemwambia Mzee kwamba ana presha ya macho, kwamba uoni wa pembeni unaisha, na asiendeshe tena. Mzee akatupa dawa, akamwambia mkewe daktari ni kijana tu, hajui kitu. Mbele anaona vizuri, gazeti anasoma, kwa hiyo anaona. Mwalimu alimsihi. Watoto wao wakubwa walipiga simu, wakafokewa, wakaacha. Na kila asubuhi wajukuu waliingia katika gari lile.

"Wewe ndiye uliniambia mafuta kidogo tu yanatosha," alisema. "Gari ikikataa, jirani anawapeleka. Hizo ndizo siku nilikuwa napata usingizi."

Hapo nilishtuka mara ya pili, na safari hii nilikasirika.

"Mwalimu, hiyo sensa haikatai kuwasha gari! Inazima gari likiwa linaenda! Ingezima pale Waiyaki Way, lori liko nyuma, na hao watoto wako ndani!"

Alinitazama. Uso wake ulibadilika polepole, damu ikatoka yote. Naamini kabisa hakuwahi kuliwaza hilo. Alidhani analizuia gari lisitoke nyumbani. Kumbe alikuwa anawategea watu wake mtego. Aliinuka, akaitoa ile chupa kwenye rafu, akaimwaga yote kwenye sinki.

Tulirudi sebuleni pamoja. Sikujua nitasema nini, ila nilijua sitaondoka na kuacha funguo za gari mezani, pale nilipoziweka.

"Mzee," nikasema, "gari lako ni zima. Sitalitengeneza tena."

"Kama ni zima, mbona linazima?"

"Nitakujibu. Kwanza nitazame puani."

Alidhani ni mzaha. Akanitazama. Nikanyoosha mkono wangu wa kulia kabisa, na spana mkononi, nikaitikisa.

"Nimeshika nini?"

"Wapi?"

"Mkononi, Mzee. Usigeuke."

"Mkono gani?"

Niliuleta mkono taratibu kuelekea mbele. Uliendelea kuja, nami nikiwa namwombea aone, na hakuona hadi spana ilipokuwa karibu kugusa shavu langu. Hapo alishtuka, akarudi nyuma kwenye kiti kana kwamba imetoka hewani. Sijasahau sura yake. Mtu amekaa katika chumba chake mwenyewe, na ghafla anagundua chumba kimekuwa chembamba kama kichochoro, na hakumbuki kuta zilisogea lini.

Mwalimu akamwambia basi, yote, amesimama, mikono imeshikana mbele kama mtoto darasani. Kuhusu kisu na mafuta. Mzee alisikiliza hadi mwisho. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Alichukua funguo, akazitia mfukoni, akaingia chumbani akafunga mlango.

Niliporudi gerejini nikamweleza Owuor. Alikaa juu ya tairi kuukuu, akaniambia, "Sasa umejua kimekufa kwa nini." Hakuna aliyecheka.

Kwa muda nilipata habari kupitia kwa Mwalimu. Mzee alikubali kurudi kwa daktari, lakini alikwenda na binti yake, si na mkewe. Kilichopotea hakikurudi, kilichobaki kinalindwa kwa dawa ya matone. Gari lilisimama chini ya turubai. Mwalimu alijiandikisha shule ya udereva, kwa umri ule, akapata leseni. Lakini Mzee alificha funguo, na hakumsemesha isipokuwa mambo ya chakula. "Anasema nilimfanya mjinga," aliniambia Mwalimu. "Anasema mimi na wewe tulitunga hiyo hadithi ya kugonga mtu."

Kisha asubuhi moja Mzee Gathogo akaingia gerejini kwa miguu. Alikuwa na fimbo nyeupe, aliishika kama kitu alichobebeshwa na mtu mwingine. Owuor alimletea kiti, akakataa.

"Fundi," akaniambia, "siku ile ulivuta breki. Ulisema kuna mtu. Nataka kujua ni nani. Na usinipunguzie."

Nilifuta mikono. Nilikuwa nimetamani asiniulize kamwe.

"Walikuwa wasichana wawili, Mzee. Wa shule. Wameshikana mikono."

"Wakubwa?"

"Mmoja kama mjukuu wako Njeri. Mwingine mdogo zaidi."

"Walikuwa mbali?"

"Yule mdogo aliweka mkono juu ya boneti."

Injini moja ilikuwa inaungurumishwa kule nyuma, Owuor akaashiria izimwe. Mzee alinyoosha mkono wake mwenyewe mbele yake, kiganja wazi, akakitazama kama anayepima upana wa kitu. Hatimaye akakaa kwenye kile kiti alichokuwa amekikataa.

"Mungu wangu," akasema. "Mungu wangu. Na nilikuwa naongea."

Nikamletea maji. Alikunywa, akavua kofia, akaiweka magotini, kisha akaniomba simu yangu. Nilimpigia namba ya nyumbani nikamkabidhi, nikataka kuondoka, lakini alikuwa amenishika mkono wa ovaroli.

"Mwalimu," alisema. "Ni mimi. Niko kwa mafundi, hapa Dagoretti Corner." Akaikaza simu sikioni. "Funguo ziko kwa ile koti yangu ya kijivu, nyuma ya mlango. Kuja na gari unichukue."